Memori ya Kerneli Imekwenda Wapi? Ushauri kwa Wenye Vifaa Vidogo vya Linux

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja. Huyu ana ruta kuukuu ya RAM MB 32 na flashi MB 4. Ameipandisha Linux mpya, inawaka vizuri, kisha watu wakianza kuitumia inajizima na kuwaka upya. Yule ana bodi ya kupimia kina cha maji kwenye tangi, na programu yake ndogo inauawa usiku bila sababu inayoonekana. Mwingine amenunua bodi ya kamera iliyoandikwa MB 64, lakini Linux inamwonyesha pungufu kabisa. Wote wanauliza: nipunguze nini kwenye kerneli?

Nawajibu wote hivi: usipunguze kitu chochote kabla hujajua memori imekwenda wapi. Wengi huanzia kwenye orodha ya machaguo ya kuzima waliyoipata mahali. Wanazima vitu themanini, wanaokoa KB 300, na huku draiva ya Wi-Fi imekalia megabaiti mbili ambazo hakuna aliyezigusa. Kisha wanakata tamaa na kusema Linux imenenepa. Imenenepa kweli, lakini sehemu kubwa ya mzigo unaweza kuutua ukijua umekaa wapi.

Nitazungumzia Linux, na mfano wangu wa kurudiarudia ni ruta ya aina ya TP-Link TL-WR841N v9, yenye flashi MB 4 na RAM MB 32. Nimeichagua kwa sababu vifaa vya kiwango hicho bado vimejaa mezani kwa mafundi. Ushauri wenyewe unafaa bodi yoyote ndogo.

Tenganisha mambo matatu

Mkanganyiko mkubwa huanzia hapa. Mtu anaposema "kerneli yangu ni kubwa", anaweza kuwa anasema moja kati ya haya:

- Ukubwa wa faili la kerneli lililobanwa ndani ya flashi.
- Nafasi ambayo kerneli hiyo inashika ndani ya RAM ikishafunguliwa: msimbo wake, data yake, na maeneo yanayoanza yakiwa na sifuri.
- Memori ambayo kerneli inaomba ikiwa kazini: bafa za mtandao, staki za michakato, kashe za majina ya faili, na kadhalika.

Ukibadilisha njia ya kubana kutoka gzip kwenda xz, unapunguza jambo la kwanza tu. RAM haipati hata baiti moja, kwa sababu kerneli ikifunguliwa inarudi ukubwa uleule. Kama shida yako ni RAM, acha xz kwa leo. Kama shida yako ni flashi ya MB 4, hapo xz au lzma ni rafiki.

Pima, na uandike ulichokipima

Anza na mstari mmoja ambao kerneli huuandika mapema ikiwaka:

dmesg | grep Memory:

Tuseme umeona kitu chenye umbo hili:

Memory: 25616K/32768K available (4500K kernel code, 520K rwdata, 580K rodata, 1050K init, 220K bss, 7152K reserved)

Namba hizi ni za kielelezo, lakini usomaji wake haubadiliki. Kifaa kina KB 32768. Zilizobaki huru ni KB 25616. Tofauti, KB 7152, ndiyo iliyoitwa "reserved". Jumlisha msimbo, data, init na bss: unapata KB 6870. Bado KB 282 hazijaelezwa. Kati ya hizo, KB 256 ni daftari la kurasa: kerneli hugawa RAM katika kurasa za KB 4, na kila ukurasa una kumbukumbu yake ya baiti 32 kwenye mashine za biti 32. Kurasa 8192 mara baiti 32 ni KB 256. Kwenye mashine za biti 64 kumbukumbu hiyo huwa baiti 64. Hizo huwezi kuziokoa, kwa hiyo usizihangaikie. Zilizobaki ni majedwali madogo yanayotengwa mapema.

Sehemu ya init hurudishwa kerneli ikimaliza kuwaka. Utaona mstari wa "Freeing unused kernel". Usiihesabu kama hasara.

Baada ya hapo, kiache kifaa kifanye kazi yake halisi kwa muda, kisha soma /proc/meminfo. Mistari ya kuangalia ni hii:

- Slab, na hasa SUnreclaim: vitu vidogo vya kerneli, na vile ambavyo haiwezi kuviachia ikibanwa.
- KernelStack: staki za kila mchakato na kila uzi. Kwenye ARM na MIPS za biti 32 kila moja huwa KB 8.
- PageTables: ramani za memori za programu zako.
- CmaTotal na CmaFree: nitazifikia punde.

Sasa jumlisha kila kitu: memori huru, kashe, za programu, Slab, KernelStack, PageTables. Jumla hiyo haitafika MemTotal. Pengo linalobaki kwa kawaida ni kurasa ambazo draiva zimejichukulia moja kwa moja, na meminfo haina mstari wa kuzitaja. Kwenye ruta, pengo hilo ndilo mara nyingi lenye mali. Watu hawalioni kwa sababu halina jina.

Nakili namba hizi kwenye faili pamoja na tarehe na toleo la kerneli. Badilisha jambo moja, pima tena. Ukibadilisha kumi kwa pamoja na kifaa kikakataa kuwaka, utakuwa huna pa kuanzia.

Kabla ya kugusa chochote: njia ya kurudi

- Hakikisha una waya wa siriali unaofanya kazi na unaona maandishi ya U-Boot.
- Jaribu kerneli mpya kwa kuipakia kwenye RAM kupitia TFTP, bila kuiandika kwenye flashi. Ikikwama, unazima na kuwasha, kifaa kinarudi kama kilivyokuwa.
- Hifadhi faili la .config la kila jaribio. Amri ya make savedefconfig hukupa toleo fupi linalosomeka.
- Hifadhi pia vmlinux ya kila kerneli unayoitoa nje. Utanishukuru tukifika kwenye majina ya vitendakazi (functions) vya ndani.

Tahadhari moja: kerneli ya majaribio yenye initramfs ndani yake inaweka mafaili yote ya mfumo ndani ya RAM. Namba zake za memori si zile utakazozipata ikikaa kwenye flashi. Itumie kujua kama kerneli inawaka, si kupimia.

Dai kwanza memori iliyotengwa pembeni

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa jasho dogo, na ndiyo ninayoona ikirukwa zaidi.

Kwenye bodi zenye skrini, kamera au kichakata sauti, faili la DTS linaloieleza bodi huweza kuwa na sehemu ya reserved-memory. Humo mtengenezaji hutenga megabaiti kadhaa kwa ajili ya picha za video. Kama bodi yako haitumii video, memori hiyo imelala bure. Isome sehemu hiyo, ulinganishe na kazi yako, kisha uitoe au uipunguze. Kwenye Raspberry Pi za zamani jambo kama hili hufanyika kwa mstari wa gpu_mem katika config.txt; kwa bodi isiyo na skrini wala kamera, gpu_mem=16 inatosha.

Kuna pia CMA, eneo ambalo kerneli huliweka tayari kwa draiva zinazohitaji memori mfululizo isiyokatika. Mara nyingi huja na MB 16. Kwenye bodi ya MB 64 hiyo ni robo nzima. Programu zako zinaweza kulitumia eneo hilo kwa muda, ila kerneli haiwezi kuweka humo vitu vyake visivyohamishika. Ndiyo maana mtu huona kifaa kinalalamika hakina memori na huku CmaFree inaonyesha megabaiti kumi. Ongeza cma=4M kwenye mstari wa kuwashia, angalia kama draiva zako zinaridhika, kisha panda au shuka kutoka hapo.

Ruta ya TL-WR841N haina skrini, kwa hiyo hatua hii haina kitu kwake. Tuendelee.

Bafa ya ujumbe: nusu megabaiti iliyojificha

CONFIG_LOG_BUF_SHIFT huamua ukubwa wa bafa inayotunza ujumbe wa dmesg. Thamani ya 17 maana yake ni KB 128. Watu huiona, wakasema KB 128 si nyingi, wakapita.

Tazama vizuri. Tangu kerneli 5.10, bafa hiyo huja na daftari la maelezo la kila ujumbe. Kwa thamani ya 17, daftari hilo lina nafasi 4096, na kila nafasi ina baiti 88 za maelezo pamoja na baiti 12 za uongozi kwenye mashine ya biti 32. Hiyo ni KB 400 juu ya zile 128. Jumla inapita nusu megabaiti kwa ajili ya ujumbe ambao hakuna atakayeusoma.

Weka 14. Bafa inakuwa KB 16, daftari linashuka hadi KB 50, na umepata zaidi ya KB 450 kwa kubadilisha tarakimu moja. Kama bodi yako huandika ujumbe mwingi ikiwaka, jaribu 15. Usijaribu kuipunguza kwa log_buf_len kwenye mstari wa kuwashia: chaguo hilo huongeza tu, halipunguzi. Lazima ukompaili.

Machaguo ya kuzima, kwa mpangilio ninaoupendelea

Fungua make menuconfig na kwanza washa CONFIG_EXPERT. Bila hilo, mengi ya yanayofuata hayaonekani kabisa, na wasomaji huniandikia kwamba "kwenye kerneli yangu chaguo hilo halipo".

Zima bila kufikiri mara mbili kwenye kifaa kinachokwenda kazini:

- CONFIG_IKCONFIG, inayobeba nakala ya .config ndani ya kerneli. Nakala unayo kwenye kompyuta yako.
- CONFIG_FTRACE na CONFIG_PROFILING, zana za kuchunguzia mwendo wa kerneli.
- CONFIG_DEBUG_FS, isipokuwa kama programu yako inasoma humo. Baadhi hufanya hivyo; angalia kwanza.
- Mifumo ya mafaili usiyoitumia. Kifaa chenye squashfs na JFFS2 hakihitaji ext4, wala vfat kama hakina USB.
- Draiva za vifaa visivyokuwepo kwenye bodi. Usanidi wa kawaida wa familia ya chipu hubeba draiva za bodi zote za familia hiyo.

Zima baada ya kutafakari:

- CONFIG_KALLSYMS. Ni jedwali la majina ya vitendakazi vya ndani, na linaweza kuchukua mamia ya kilobaiti. Ukilizima, kerneli ikianguka utaona anwani tupu bila majina. Anwani hizo zinatafsirika kwa addr2line, mradi uwe na vmlinux ileile iliyoanguka. Ndiyo maana nilikuomba uihifadhi.
- CONFIG_IPV6. Ina uzito wa kutosha. Kifaa cha kupimia kinachotuma taarifa kwa anwani moja ya IPv4 ndani ya mtandao wako kinaweza kuishi bila IPv6. Ruta inayogawa intaneti kwa watu wengine, mimi singeizima. Watoa huduma wanahamia huko na wateja wako hawatajua kwa nini baadhi ya mambo hayafunguki.
- CONFIG_SMP, kama kichakata kina kiini kimoja tu.
- CONFIG_BASE_SMALL ni kinyume cha zilizotangulia: hii iwashe, maana ndiyo inayopunguza majedwali kadhaa ya ndani. Kwa kifaa chenye michakato michache haina madhara unayoweza kuyahisi.

CONFIG_PRINTK iache ya mwisho kabisa, na kwa wengi wenu isiguswe. Kuizima huondoa maandishi yote ya ujumbe, na nafasi inayopatikana ni nzuri. Lakini siku kifaa kikikwama shambani, huna hata mstari mmoja wa kukuambia kilichotokea.

Vitu ambavyo nakuomba usizime

Msukumo wa kupunguza humfanya mtu aone kila kitu ni ziada. Visivyo ziada ni hivi:

- Kinga za staki, CONFIG_STACKPROTECTOR.
- CONFIG_STRICT_KERNEL_RWX, inayozuia msimbo wa kerneli kuandikwa juu yake. Kwa sababu ya kupanga mipaka ya kurasa inakula memori kidogo, na hapo ndipo watu hutamani kuiondoa.
- Ukuta wa moto kwenye kifaa chochote kinachoonekana kutoka nje.

Katika kundi hilihili naweka kishawishi cha kurudi kwenye kerneli za kale. Ndiyo, 2.6 ilikuwa nyepesi. Lakini hata 2.6.32, iliyotunzwa kwa muda mrefu kuliko nyingi za wakati wake, iliachwa mwaka 2016. Ruta yenye kerneli hiyo mlangoni pa nyumba ya mtu ni mlango usio na kitasa, na mwenye nyumba hajui. Afadhali kifaa kistaafu.

Kigawaji cha memori

Makala nyingi za zamani hukuambia uchague SLOB kwa vifaa vidogo. SLOB haipo tena. Iliondolewa katika kerneli 6.4, mwaka 2023. Badala yake kuna CONFIG_SLUB_TINY, iliyoingia katika 6.2. Maelezo yake yenyewe yanasema haipendekezwi kwa mfumo wenye zaidi ya MB 16 za RAM, kwa kuwa inabana memori kwa kupoteza kasi. Kwa hiyo bodi ya MB 8 au 16, iwashe. Ruta yetu ya MB 32, jaribu tu ikiwa umeishiwa njia nyingine, na upime kasi ya mtandao kabla na baada.

Kwa wote: zima CONFIG_SLUB_DEBUG ukimaliza majaribio.

Moduli, au ndani moja kwa moja?

Wengi hudhani kila kitu kikiwa moduli basi memori inaokolewa. Inategemea. Moduli huwekwa kwenye kurasa zake, na kila sehemu yake hukamilishwa hadi ukurasa mzima wa KB 4. Moduli yenye KB 5 za msimbo, KB 1 ya data ya kusomwa tu na KB 1 ya data ya kubadilika inaweza kushika KB 8, 4 na 4: jumla KB 16 kwa kazi ya KB 7. Zikiwa moduli arobaini ndogo, hesabu inauma.

Kanuni ninayoifuata:

1. Kinachotumika wakati wote, kiweke ndani ya kerneli.
2. Kinachotumika mara mojamoja, kiwe moduli, na kitolewe kwa rmmod kikimaliza.
3. Kama hakuna kilichobaki katika kundi la pili, zima CONFIG_MODULES kabisa. Utaokoa pia mitambo yote ya kuzipakia.

Mtandao: hapa ruta nyingi huponea au kufia

Rudi kwenye lile pengo lisilo na jina. Draiva ya mtandao hutenga bafa za kupokelea kabla pakiti haijafika. Mstari wa kupokea wenye nafasi 512, kila nafasi ikiwa na bafa ya takriban KB 2, ni megabaiti nzima iliyotengwa hata kama mtandao umelala. Angalia:

ethtool -g eth0

Kisha jaribu kushusha:

ethtool -G eth0 rx 128

Si kila draiva inakubali amri hii. Kwa zile zisizokubali, namba hiyo huwa imeandikwa ndani ya msimbo wa draiva, na kuibadilisha kunataka pachi ya mstari mmoja. Kwenye Wi-Fi, tatizo ni kubwa zaidi. OpenWrt wanatoa toleo maalumu la draiva ya ath10k kwa vifaa vyenye RAM ndogo, kifurushi chenye jina kmod-ath10k-ct-smallbuffers. Kama ruta yako ina chipu hiyo na MB 64, anza na hicho kabla ya jambo lingine lolote.

Jambo la pili ni jedwali la kufuatilia miunganisho. Kila muunganisho unaopita kwenye NAT hushika mamia ya baiti. Thamani ya nf_conntrack_max utakayoikuta kwenye ruta nyingi ni 16384. Ukichukua baiti 300 kwa kila mmoja, jedwali likijaa ni karibu MB 5. Kwenye ruta yenye MB 20 huru, mtumiaji mmoja wa torenti anaweza kuiangusha nyumba nzima. Ishushe hadi 4096. Ikijaa, miunganisho mipya itakataliwa kwa muda, jambo linaloudhi, lakini ruta itabaki hai na wengine wataendelea.

Onyo kuhusu vm.min_free_kbytes: usiishushe ili namba ya memori huru ipendeze. Akiba hiyo ndiyo inayotumika pakiti zinapoingia kwa ghafla na hakuna muda wa kusubiri. Ukiona ujumbe wa "page allocation failure" wenye neno GFP_ATOMIC, dawa ni kuipandisha.

Kukompaili kwa ukubwa

Hapa nitapita haraka, maana faida ipo lakini haifiki ile ya hatua zilizotangulia.

- CONFIG_CC_OPTIMIZE_FOR_SIZE humwambia mkompaili apendelee udogo kuliko kasi. Washa, upime kasi.
- CONFIG_LD_DEAD_CODE_DATA_ELIMINATION hutupa msimbo usioitwa na mtu. Haipo kwa kila aina ya kichakata, MIPS inayo. Ijaribu kwa makini, kwa sababu ikikosea hutupa kitu kinachohitajika na kerneli haiwaki.
- CONFIG_XIP_KERNEL huiacha kerneli ikimbie ikiwa ndani ya flashi ya NOR bila kunakiliwa kwenye RAM. Inafaa bodi chache sana, na flashi lazima iwe na nafasi ya kerneli isiyobanwa.

Kujua nini kimepungua kati ya kerneli mbili, tumia zana iliyo ndani ya msimbo wa kerneli wenyewe:

scripts/bloat-o-meter vmlinux.zamani vmlinux.mpya

Itakuorodheshea kila kitendakazi na data iliyokua au kupungua, kubwa kwanza.

Na kuna make tinyconfig, inayokupa kerneli ndogo kupita zote. Wageni huipenda, wanaikompaili, wanaiwasha, na skrini inabaki nyeusi. Haijavunjika. Haina konsoli, haina printk, wala haiwezi kuendesha programu za kawaida za ELF. Itumie kama una muda wa kuongeza kimoja kimoja hadi ufike unapotaka. Kwa kifaa kinachotakiwa mwezi huu, anza na usanidi unaowaka na upunguze.

Makosa ninayoyaona tena na tena

- Kusoma safu ya "free" badala ya "available". Kashe ya mafaili huachiwa programu ikihitaji. Si memori iliyopotea.
- Kuendesha drop_caches kwa cron kila dakika kumi. Unaifanya kerneli isome flashi upya bure, na hujaokoa chochote.
- Kuingiza programu ya chipu ya Wi-Fi ndani ya kerneli kwa CONFIG_EXTRA_FIRMWARE. Itabaki kwenye RAM maisha yote ya kifaa. Iache kwenye mfumo wa mafaili.
- Kusahau kwamba programu zako zinailisha kerneli. Michakato 60 kwa KB 8 za staki ni KB 480, kabla ya ramani za kurasa. Kuunganisha huduma tano ndogo kuwa moja hupunguza memori ya kerneli bila kugusa kerneli.
- Kupima dakika moja baada ya kuwasha.

Kwa hilo la mwisho kuna mbinu nzuri: kwenye bodi nyingi unaweza kuongeza mem=28M kwenye mstari wa kuwashia, na Linux itajifanya ina MB 28 tu. Kipe kifaa mzigo kamili katika hali hiyo. Kikistahimili usiku na mchana, basi katika MB 32 una akiba ya kweli ya MB 4. Kikianguka, umejua mapema, ukiwa mezani kwako.

"Lakini..."

*"Si ninunue tu bodi yenye RAM kubwa?"* Kama unatengeneza kifaa kimoja cha nyumbani, ndiyo, nunua, na muda wako uutumie kwa jambo lingine. Kama una ruta mia zilizokwisha kufungwa kwenye kuta za madarasa, RAM yake imechomelewa kwa risasi na bajeti haipo. Ushauri huu ni kwa ajili yako.

*"Sijui kukompaili kerneli, na sina nia ya kujifunza."* Basi fanya yale yasiyohitaji kukompaili: cma=, gpu_mem, ethtool, nf_conntrack_max, kuondoa moduli zisizotumika na huduma zisizohitajika. Ongeza na zram, inayobana sehemu ya memori ya programu ndani ya RAM hiyohiyo. Haipunguzi kerneli, na kichakata hulipa gharama, lakini kwenye MB 32 mara nyingi ndiyo inayozuia programu zisiuawe.

*"KB 400 zitanisaidia nini?"* Kwenye kompyuta ya mezani, hakuna. Kwenye ruta ambayo baada ya kila kitu kuwaka ina MB 3 za kupumulia, bafa ya ujumbe peke yake ni karibu sehemu moja ya saba ya pumzi hiyo.

Lini uachane na Linux

Ruta za flashi MB 4 na RAM MB 32 zenyewe zimefika ukingoni. OpenWrt 19.07 ndilo toleo la mwisho lililozihudumia rasmi. Unaweza kujijengea kerneli mpya kwa njia nilizoeleza na ikawaka, ila kila toleo jipya litakubana zaidi, na flashi huisha kabla ya RAM. Kwa kazi ya ruta inayoelekea intaneti, mimi ningezihamisha ziwe swichi au vituo vya Wi-Fi ndani ya nyumba, nyuma ya kifaa kingine kinachopata marekebisho ya usalama.

Upande wa chini, Linux imewahi kuwashwa kwenye bodi kama STM32F429 Discovery yenye SDRAM ya MB 8 na kichakata kisicho na MMU. Inawezekana, na inafundisha mengi. Lakini kama kazi yako ni kusoma kihisi, kusubiri, na kutuma namba kila robo saa, usiishushe Linux hadi huko. Zephyr, FreeRTOS na NuttX zilitengenezwa kwa ajili ya memori zinazohesabiwa kwa kilobaiti. Bodi ya Raspberry Pi Pico yenye RAM ya KB 264 huendesha FreeRTOS au Zephyr na nafasi ikabaki, na memori yote hiyo isingetosha hata kwa msimbo wa kerneli ya Linux iliyopunguzwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Kati ya MB 8 na 16 ndipo uamuzi ulipo mgumu. Jiulize kama unahitaji kweli vitu vya Linux: draiva za USB, Wi-Fi ya chipu ngumu, mfumo wa mafaili unaostahimili umeme kukatika, programu zilizokwisha kuandikwa na wengine. Ukihitaji viwili au zaidi, baki na Linux na uanze na SLUB_TINY. Ukihitaji kimoja, angalia kama Zephyr tayari inacho kwa bodi yako. Orodha ya bodi inazozijua ni ndefu, na kuitafuta ni kazi ya dakika chache kabla hujaanza kazi ya wiki nyingi.